Tiba ya mazungumzo: kuna nini zaidi ya nasaha?

Mwaka wa tatu wa chuo nilifika mahali nikawa siamki. Sisemi kuchelewa kuamka. Macho yako wazi tangu saa kumi alfajiri, mwili haunyanyuki mpaka saa sita mchana. Mwenzangu wa chumbani akanikokota hadi kwa mshauri nasaha. Nilikaa naye kama dakika 20 hivi. Alikuwa mtu mwema, simsemi kwa ubaya. Alinisikiliza kidogo, akaniambia nisali, nisome kwa bidii, nipunguze simu, na nikumbuke kwamba nyumbani kuna wazazi wananitegemea. Nikasema asante. Nikarudi kitandani nikiwa na mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza: hata kwa mshauri nimekwenda na bado.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kutafuta msaada tena, safari hii kwa mtu mwingine. Na ilinichukua shahada ya uzamili ya saikolojia kuelewa kilichotokea siku ile. Nilidhani tiba imenishinda, kumbe ilikuwa haijaanza.

Kwa hiyo leo nataka nikuingize ndani ya kile chumba. Nazungumzia mtu mzima anayetibiwa akiwa mgonjwa wa nje: halazwi, hafungiwi, na wala hapelekwi Mirembe kama watani wanavyopenda kusema. Anakwenda mara moja kwa wiki, anakaa kama saa moja hivi, anarudi zake kazini au nyumbani. Watu wengi wenye sonona au wasiwasi uliopitiliza wanaweza kuhudumiwa kwa mtindo huu. Swali ni je, katika hiyo saa moja kinafanyika nini ambacho shangazi yako hawezi kukufanyia jikoni?

Neno lenyewe linatupoteza

Ushauri nasaha. Lisome tena taratibu. Ushauri, halafu nasaha juu yake, yaani mawaidha mara mbili! Wengi wetu tulilizoea neno hili kupitia upimaji wa Virusi vya UKIMWI, ambako unapewa ushauri nasaha kabla ya kupima na baada ya kupima. Kule lilikuwa na kazi yake maalumu: kukuandaa upokee majibu na kukuelekeza hatua inayofuata. Lakini neno likabaki vichwani kwa maana ya kukaa mbele ya mtu mwenye hekima, akakwambia la kufanya.

Sasa ukiwa na sonona, la kufanya unalijua. Unajua kwamba unatakiwa uoge, ule, upokee simu za watu. Tatizo ni kwamba huwezi. Mtu akikuambia jambo unalolijua na unaloshindwa kulifanya, anakuongezea hatia tu. (Kidokezo kidogo kabla hatujaendelea: msongo wa mawazo na sonona si kitu kimoja, ingawa mtaani tunayachanganya. Msongo ni hali ya kulemewa, na mara nyingi hupungua mzigo ukipungua. Sonona hukaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, inakula usingizi, hamu ya kula na ladha ya mambo uliyoyapenda, na inaweza kubaki hata pale jambo lililoianzisha lilipokwisha.)

Wahenga wa saikolojia waliliona hili mapema, ila ushahidi ninaoupenda mimi unatoka jirani, mashariki mwa Kongo. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa Kivu kwa wanawake walionusurika ukatili wa kingono. Katika vijiji vya upande mmoja, wanawake walipata msaada wa mmoja mmoja: mhudumu anawasikiliza, anawafariji, anawaunganisha na huduma nyingine. Katika vijiji vya upande wa pili walipata tiba yenye hatua, kikao 1 cha peke yako na vikao 11 vya kikundi. Vijiji vilipangwa kwa bahati nasibu. Pande zote mbili waliohudumu walikuwa wanawake wa huko huko, si madaktari bingwa.

Miezi 6 baada ya tiba kuisha, waliokuwa bado na dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 upande wa tiba. Upande wa msaada wa kawaida walikuwa asilimia 42.

Tusiwe wepesi kuruka. Waliosikilizwa tu nao walipata nafuu kiasi, kwa hiyo usimdharau rafiki anayekaa na wewe kimya. Ila tofauti ile ni kubwa, na haiwezi kuelezwa kwa wema wa moyo peke yake, maana wema ulikuwepo pande zote. Kilichoongezeka upande mmoja ni kazi. Wanawake wale walifundishwa kuikamata fikra kama “kosa lilikuwa langu”, kuiweka mezani, kuihoji: nani alikuwa na silaha? Nani alichagua? Kisha kuifanyia mazoezi nyumbani kati ya kikao na kikao. Wengi hawakuwa wanasoma wala kuandika, hivyo mazoezi yalirahisishwa yaweze kushikwa kichwani.

Daftari la fikra

Mzizi wa kazi ya namna hiyo ni tiba ya fikra na tabia, ambayo ndiyo utakayoisikia zaidi ukiingia kliniki yoyote. Mwanzilishi wake mkuu ni Aaron Beck, daktari wa akili wa Philadelphia, Marekani, aliyefariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Beck alisomea mtindo wa zamani wa kumlaza mgonjwa kwenye kochi na kuchimba utoto wake. Miaka ya 1960 akaanza kugundua kwamba wagonjwa wake wa sonona, pembeni ya yale waliyokuwa wakimsimulia, walikuwa na fikra nyingine za haraka haraka zinazopita kichwani bila kuitwa. “Namchosha huyu daktari.” “Mimi sifai.” Zilikuwa zinapita kwa kasi kiasi kwamba mwenyewe hazioni, anaona hisia tu inayobaki nyuma.

Tuchukue mfano wa kawaida. Bosi amekutumia ujumbe saa mbili usiku: “Kesho asubuhi njoo ofisini kwangu.” Hakuna salamu. Tumbo linakatika. Ukiulizwa kwa nini, utasema kwa sababu ya ujumbe. Mtaalamu atakuambia ngoja kwanza, kati ya ujumbe na tumbo kuna kitu kilipita. Kitafute. Unakikuta: “Nafukuzwa kazi.” Unaiandika kwenye daftari, unaandika na unavyoiamini, tuseme asilimia 90. Halafu mnaichunguza kama mnavyochunguza madai ya mtu mwingine. Nini kinaunga mkono? Ujumbe mkavu, na wiki iliyopita ulichelewa. Nini kinapinga? Bosi huyu huyu hamsalimu mtu yeyote kwenye simu, na ripoti yako ya mwezi aliipitisha. Fikra nyingine inayowezekana ni ipi? Anataka kuulizia ile safari ya Dodoma. Sasa ile ya kwanza unaiamini kiasi gani? Labda 40.

Wengi hupotea hapa. Hii siyo “fikiria chanya”. Hakuna anayekuomba ujidanganye kwamba bosi anakupenda. Huenda kweli unafukuzwa! Unachojifunza ni kuichukulia fikra kama dhana inayopimika, na kipimo kizuri kuliko vyote ni kwenda ofisini ukajua. Mtaalamu akikuambia tu “acha kuwaza vibaya”, hajafanya tiba ya fikra na tabia, amekupa nasaha iliyovaa koti jeupe.

Kama kichwa hakitaki, anza na miguu

Kwa sonona kuna mbinu ninayoiona haipewi heshima yake, labda kwa sababu inaonekana ya kijinga. Kwa Kiswahili naiita tiba ya kuamsha vitendo.

Fikiria mama mmoja anayeuza vitenge sokoni. Biashara imeyumba, mume amehamia kwa mwanamke mwingine, yeye ameanza kufungua genge saa tano badala ya saa moja. Wateja wanapungua. Anaacha kwenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kwa sababu anaona aibu. Wenzake wanaacha kumpigia. Jioni analala mapema apumzike, usingizi hauji. Ukimwangalia, kila anachokiacha kinampa ahueni ya siku moja, maana amekwepa aibu au uchovu. Lakini kila anachokiacha kilikuwa pia kinamletea kitu: pesa, kicheko, mtu wa kumwita jina. Kadiri anavyoacha ndivyo maisha yanavyokauka, na kadiri yanavyokauka ndivyo anavyokosa nguvu. Mzunguko huo ukishaanza, unajiendesha wenyewe.

Sisi huwa tunasubiri moyo upate nguvu ndipo mwili ufuate. Tiba hii inageuza mpangilio: mwili unatangulia, moyo unakuja nyuma, tena kwa kuchelewa. Wiki ya kwanza mama anaandika tu anachofanya kila saa, na pembeni anaweka alama ya alivyojisikia, kuanzia 0 hadi 10. Asiyeandika anaweza kutumia punje za maharage. Katika kikao wanaangalia pamoja. Mara nyingi mtu hushangaa: “Kumbe Jumanne nilipokwenda kusuka nilikuwa 5, na siku nzima niliyolala nilikuwa 2.” Kisha wanachagua kitendo kimoja, kidogo kiasi cha kuchekesha. Sio “rudi kwenye kikundi”. Ni “Alhamisi saa tatu mpigie mweka hazina, ongea dakika mbili.” Na inawekwa siku na saa, kwa sababu mtu mwenye sonona akiambiwa “wiki hii” atafika Jumapili hajafanya, ajilaumu, turudi tulipoanzia.

Utaniambia mbona hili hata mimi ningemwambia? Ungemwambia, ndiyo. Ila ungemwambia kitendo ulichokichagua wewe, kwa ukubwa unaouona wewe mwenye afya, na akishindwa ungechoka naye. Mtaalamu akisikia ameshindwa hufurahi kidogo, kwa sababu sasa kuna kitu cha kuchunguza. Alishindwa wapi? Simu haikuwa na salio? Aliogopa kuulizwa deni? Kitendo kinakatwa kipande, kinarudiwa.

Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake wa Seattle walichapisha jaribio lililowaudhi wengi. Waligawa wagonjwa wa nje 150 wenye sonona katika makundi matatu. Kundi moja lilipata tiba kamili ya Beck, jingine kipande cha kuamsha vitendo na cha kuhoji fikra za haraka, na la tatu kuamsha vitendo peke yake. Mwisho wa tiba, na hata miezi 6 baadaye, matokeo hayakutofautiana. Kwa nchi yenye wataalamu wachache kama yetu hii ni habari kubwa, maana kumfundisha mtu kuamsha vitendo ni rahisi kuliko kumfundisha kuhoji fikra.

Wakati tatizo liko kati ya watu

Kuna wengine ambao ukiwapa daftari la fikra unawaonea. Amefiwa. Ana ugomvi na mama mkwe usioisha. Amestaafu, au amehamia mjini, au amejua ana maradhi ya kudumu. Au hana mtu. Haya mambo manne, yaani msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha na upweke, ndiyo msingi wa tiba ya mahusiano, iliyotengenezwa Marekani miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman. Mnachagua eneo moja au mawili, na mnafanyia kazi hapo: kuomboleza kilichokuwa hakijaombolezwa, kujaribu namna nyingine ya kusema jambo na kuifanyia mazoezi mle ndani kabla ya kwenda nayo nyumbani.

Tiba hii ilijaribiwa Uganda, wilaya za Masaka na Rakai, katika vijiji 30, matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanakijiji wenyewe wanayaitaje mateso haya. Wakapewa majina mawili ya Kiganda, moja likimaanisha kujichukia na jingine kujihurumia, na dalili zake zilifanana sana na sonona ya vitabuni. Kisha vijana wa huko, waliofunzwa kwa wiki 2, wakaongoza vikundi vya wanaume peke yao na wanawake peke yao, dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Kabla ya hapo asilimia 86 ya waliopangiwa vikundi walikuwa na sonona. Baada ya wiki 16 walibaki asilimia 6.5. Vijiji visivyopata tiba vilishuka pia, kutoka 94 hadi 54.7, maana sonona nyingine hupungua zenyewe. Lakini angalia pengo.

Na kuna Zimbabwe, ambayo nimeiacha kwa makusudi mpaka hapa. Kishona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Sisi si tunasema “ana mawazo mengi”? Ni kitu kile kile. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Tiba yao inaitwa ya kutatua matatizo: unataja matatizo yako yote, unachagua moja, unaorodhesha njia zote zinazowezekana, unachagua njia, unakwenda kujaribu, unarudi kueleza. Vikao 6. Katika jaribio la watu 573 kwenye zahanati 24 lililochapishwa mwaka 2016, miezi 6 baadaye waliokuwa na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na mabibi, na 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Kinachonivutia ni kwamba bibi ndiye mtu ambaye kwetu Afrika ana haki kamili ya kutoa nasaha. Lakini kwenye benchi hili si yeye anayechagua tatizo wala njia. Anauliza, anafungua, anasubiri. Mgonjwa ndiye anayechagua, hata kama bibi anaona kabisa kwamba njia nyingine ni bora. Nadhani hapo kuna ugumu kuliko wanavyodhani wanaosema tiba ya mazungumzo ni “kupiga stori”.

Ukienda, uangalie nini?

Swali la ipi ni bora kuliko zote halina jibu la moja kwa moja. Kwa sonona, tiba hizi zikilinganishwa hukaribiana sana, na imani kati yako na mtaalamu ina uzito wake mkubwa. Kwa hofu maalumu, mfano mtu asiyeweza kupanda lifti au daladala, inabidi kuwe na hatua ya kuikaribia ile hofu kidogo kidogo, si kuongea tu. Kwa sonona kali, au mtu anayesikia sauti, daktari na dawa vinahitajika, na tiba ya mazungumzo inakwenda sambamba. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo usiziache siku ya tano ukasema hazifai.

Siku ya kwanza utaulizwa maswali mengi na hutatibiwa sana. Ni kawaida. Huenda ukapewa dodoso fupi la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, lenye jumla ya alama 0 hadi 27. Omba ujue alama zako, na muombe lirudiwe baada ya wiki kadhaa, ili muone kama kuna kinachosogea. Uliza pia, bila woga: unatumia mbinu gani? Tunalenga nini? Vikao vingapi? Nitafanya nini nyumbani? Kama tunavyomuuliza fundi kazi itakwisha lini. Mtaalamu aliyefunzwa hatakasirika. Uliza na habari ya siri: atakayoyaficha, na yale machache ambayo sheria au hatari kwa maisha humlazimu kuyasema. Ukiona vikao vitatu vimepita na kazi yako ni kusikiliza mawaidha, una haki ya kuhama. Bei nayo iulize mapema, hospitali za umma kwa kawaida ni nafuu kuliko ofisi binafsi.

Na kama fikra za kujiua zimeshakuja, usisubiri miadi ya wiki ijayo. Mwambie mtu mmoja leo, akupeleke idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Kumuuliza mwenzako waziwazi kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo hilo, kwa hiyo uliza.

Yule mtu wa pili niliyekwenda kwake hakuniambia nisali wala nisisali. Alinipa karatasi yenye siku saba na masaa, akaniuliza ni jambo gani dogo ambalo zamani nililifanya asubuhi bila kufikiri. Nikasema nilikuwa nachemsha chai ya mwenzangu wa chumbani. Akasema basi kesho saa mbili, chai, halafu uandike namba. Niliandika 3. Wiki ya nne nikaandika 5, nikabishana naye kwamba hiyo si maendeleo. Akatoa karatasi ya kwanza, akaiweka mezani pembeni ya ile ya siku hiyo, akanyamaza.